Ramani na Chombo Chake

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ramani ni daftari la nchi. Ndani yake huandikwa milima na mito, mashamba na njia, na majina ya mahali ambayo watu wamerithishana tangu zamani. Nchi isiyoandikwa, au iliyoandikwa kwa hati ambayo wenyewe hawawezi kuisoma, ni kama mali isiyo na daftari: mwenyewe huona taabu kuitetea, na mgeni huona wepesi kuichukua.

Kwa muda upatao miaka sitini daftari hili limekuwa likihama kutoka katika karatasi na kuingia katika kompyuta. Sifa za uhamaji huo aghalabu hupewa vitu viwili. Cha kwanza ni setilaiti, kwa kuwa ni jicho kali. Cha pili ni kompyuta yenyewe, kwa kuwa haichoki kuhesabu. Sifa hizo ni za haki, walakini hazijakamilika. Liko jambo la tatu, lisilo na fahari wala watazamaji wengi, ambalo mara nyingi ndilo lililoamua nani afaidi na nani akose. Jambo hilo ni chombo ambamo vipimo vya nchi huhifadhiwa: muundo wa faili, kanuni ya kuiandika, na ruhusa ya kuifungua. Historia ya chombo hicho ilianzia katika swali lililoulizwa juu ya ardhi ya Afrika ya Mashariki, ikazunguka dunia, na baada ya nusu karne ikarudi Afrika ya Mashariki kwa mlango mwingine.

Mnamo mwaka 1960 kampuni ya upimaji kwa ndege iliyoitwa Spartan Air Services, yenye makao yake Ottawa katika Kanada, ilishughulika na kutafuta mahali panapofaa kupandwa misitu katika Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Miongoni mwa watumishi wa kampuni hiyo alikuwamo Roger Tomlinson, mwanajiografia aliyezaliwa Uingereza mwaka 1933. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kutamka. Ni wapi ambapo udongo wafaa, mvua yatosha, mteremko si mkali, na njia ya kusafirishia magogo haiko mbali? Kulijibu kulikuwa kazi nyingine kabisa.

Wachora ramani wa siku hizo walikuwa na njia yao. Ramani ya udongo ilinakiliwa juu ya karatasi angavu, ya mvua juu ya karatasi nyingine, ya miteremko juu ya ya tatu, ya njia juu ya ya nne. Kisha karatasi hizo zilipangwa moja juu ya nyingine katika meza yenye taa chini yake. Mahali ambapo sifa zote zilikutana palizungushiwa mstari, na eneo lake likapimwa kwa mkono. Kwa wilaya moja kazi hii huvumilika. Kwa nchi nzima yataka watu wengi na muda mrefu. Gharama ilipopigiwa hesabu ilionekana kubwa mno, na shauri likakataliwa. Lakini taabu ile ilizaa wazo. Kama mistari ya ramani ingegeuzwa kuwa tarakimu, basi kompyuta ingeweza kuzipanga karatasi hizo zote na kulipima eneo pasipo mkono wa mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwamba misitu ambayo haikupimwa ikawa sababu mojawapo ya kuzaliwa elimu mpya.

Mwaka 1962, katika safari ya ndege, Tomlinson alikutana kwa bahati na Lee Pratt wa Wizara ya Kilimo ya Kanada. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa yajiandaa kuorodhesha ardhi yake yenye manufaa, kiasi cha kilomita za mraba milioni 2.5, ili ijulikane ipi yafaa kilimo, ipi misitu, ipi wanyama wa porini, na ipi mapumziko ya watu. Na kila kipande kilikuwa kitiwe daraja, kuanzia 1 hadi 7. Ramani zake zingekuwa maelfu, na wataalamu wa kuzilinganisha kwa mkono hawakutosha. Hapo shauri lililoshindikana kwa ajili ya Kenya likapata nchi tajiri ya kulilipia. Kwa msaada wa kampuni ya IBM ukajengwa mtambo uliojulikana kama Mfumo wa Taarifa za Kijiografia wa Kanada, na jina hilo likawa jina la elimu nzima.

Namna mtambo ule ulivyofanya kazi yastahili kuelezwa, kwani misingi yake ingali yatumika. Ramani ilizungushwa juu ya pipa, na mwanga ukapita juu yake ukitambua penye mstari na pasipo mstari. Nukta zilizotambuliwa ziliunganishwa zikawa mipaka, na kila eneo lililozungukwa na mpaka likapewa namba na sifa zake. Tarakimu hizo zilihifadhiwa katika kanda za sumaku. Kanda husomwa mfululizo kama mtu anayekunjua mkeka, wala haiwezekani kurukia mwisho wake ghafula. Kwa hiyo ilikuwa shida kubwa kupata vipande viwili vilivyo jirani juu ya nchi, ikiwa katika kanda viko mbalimbali. Mwaka 1966 Guy Morton wa IBM alitoa mpangilio wa kuigawa nchi katika miraba, na kila mraba katika minne midogo, kisha kuiandika kwa zamu inayofanya majirani wa nchi wawe aghalabu majirani wa kanda pia. Mpangilio huo ungali waitwa kwa jina lake, na ungali watumika katika hazina za data za leo.

Kazi ya Kanada ilifaulu. Ilipomalizika, nchi ile ilikuwa na daftari la ardhi ambalo hapana nchi nyingine iliyokuwa nalo. Hata hivyo mwisho wa daftari lile ni fundisho kuliko mwanzo wake. Kanda ziliandikwa kwa muundo ambao mtambo mmoja tu duniani uliujua. Miaka ikapita, kompyuta za aina ile zikazeeka na kuondolewa, na wengi wa waliozijua wakastaafu. Katika miaka ya 1990 kanda zilikuwako, vipimo vilikuwamo ndani yake, lakini kuvisoma kukawa kama kusoma maandishi ya taifa lililokufa. Mwaka 1995 watumishi wachache wa idara za serikali, pamoja na wajuzi waliobaki wa mtambo ule, walianza kazi ya kuvihamishia katika miundo mipya. Na mwaka 1998 sehemu ya kilimo ikawekwa katika intaneti. Mali iliyogharimu fedha nyingi na jasho la watu wengi ilikaribia kupotea pasipo moto wala mwizi. Ilikaribia kupotea kwa sababu chombo chake hakikuwa na ufunguo wa pili.

Wakati Kanada ilipokuwa yajenga mtambo wake mmoja, wengine waliuza ramani za kompyuta kama bidhaa. Kampuni ya Esri, iliyoanzishwa huko California mwaka 1969 na Jack na Laura Dangermond, ndiyo iliyovuma zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni hiyo ilileta muundo uitwao shapefile. Jina lake ni la umoja, lakini kwa kweli ni faili zisizopungua tatu zinazotembea pamoja: moja hubeba maumbo, ya pili hubeba faharasa ya kuyapata, na ya tatu hubeba jedwali la sifa. Yatosha moja ipotee, na zilizobaki hupungukiwa na manufaa. Kichwa cha safu ya jedwali hakiruhusiwi kuzidi herufi 10, na kwa sababu hiyo majina marefu ya mahali na ya mambo hukatwa kama nguo iliyopunguka kitambaa. Muundo wenye kasoro hizi umetumika duniani kwa zaidi ya miaka 30. Kwa nini? Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mwaka 1998 kampuni ilitoa hadharani maelezo kamili ya jinsi ulivyoandikwa. Tangu hapo mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kuunda programu ya kuusoma bila kununua chochote kwa mwenyewe. Miundo mingine mizuri zaidi, iliyofichwa, ilisahauliwa. Huu mbovu uliofunuliwa ukaishi.

Huku vyombo vikibadilika, jicho nalo lilikuwa likikua. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, ikaanza kupiga picha za nchi kavu za dunia, safari baada ya safari. Kwa miaka mingi picha hizo ziliuzwa, na vyuo vingi vya nchi maskini havikuweza kuzinunua. Mwaka 2008 hazina yake yote ilifunguliwa bila malipo, na matumizi yakaongezeka kupita kiasi. Vivyo hivyo ishara za GPS: Marekani ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi kwa watu wasio wa jeshi lake, hata kipimo kikaweza kukosea kwa mita zipatazo 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa mwanzoni mwa Mei 2000, na kifaa kidogo cha mkononi kikaanza kuonyesha mahali kwa kosa la mita chache. Hapana mtambo uliorushwa siku hiyo, wala hapana elimu mpya iliyovumbuliwa. Ruhusa ilitolewa, basi.

Kutokana na jicho hilo likazaliwa tufe la kompyuta, ambalo mtazamaji huweza kulizungusha na kulisogelea kutoka angani mpaka juu ya paa la nyumba. Huko Berlin kundi la ART+COM lilikuwa na tufe la namna hiyo, liitwalo Terravision, mwaka 1994. Tarehe 31 Januari 1998 Al Gore, makamu wa rais wa Marekani, alitoa hotuba huko Los Angeles juu ya dunia ya kidijitali ambayo mtoto wa shule angeweza kuizuru. Mwaka 2001 ikaanzishwa kampuni ya Keyhole katika California. Televisheni ya CNN ililitumia tufe lake kuwaonyesha watazamaji vita vya Irak vya mwaka 2003. Google wakainunua kampuni hiyo Oktoba 2004, na mwezi wa Juni 2005 wakatoa tufe hilo bila malipo kwa jina la Google Earth. Watu wengi, kabla ya kutafuta miji mikuu ya dunia, walitafuta kwanza nyumba yao wenyewe.

Siri ya tufe hilo si ngumu kufahamu. Hapana kompyuta ya nyumbani iwezayo kubeba picha ya dunia nzima kwa ukamilifu. Kwa hiyo picha hukatwa vigae vya mraba vilivyopangwa kwa madaraja. Katika mpango ulioenea, daraja la juu lina kigae 1 kinachoonyesha dunia yote, la chini yake lina vigae 4, lifuatalo 16, na ukishuka madaraja 10 utakuta vigae 1,048,576. Mtazamaji akisogea, kompyuta huagiza vigae vya pale anapotazama tu, na kuviacha vingine. Ni desturi ya msomaji mwenye busara, ambaye hafungui vitabu vyote vya maktaba ili asome ukurasa mmoja.

Pamoja na tufe lilikuja chombo chake, muundo uitwao KML, ambao herufi yake ya kwanza ni kumbukumbu ya Keyhole. Huandikwa kwa maneno yawezayo kusomwa na mtu kwa macho: hapa ni mahali, jina lake ni hili, vipimo vyake ni hivi. Tarehe 14 Aprili 2008 ulikubaliwa kuwa kanuni ya jumla chini ya baraza la kimataifa la Open Geospatial Consortium, na kampuni iliyouleta ikaacha kuwa mlinzi wake wa pekee. Walakini hata muundo ulio wazi hutaka uangalifu. KML hutanguliza longitudo, kisha latitudo, hali watu wengi wamezoea kutaja latitudo kwanza. Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.28 mashariki. Mwanafunzi akiziandika kwa mazoea yake, ya 6.8 kwanza ikiwa na alama ya kutoa, mji wote utahama Bahari ya Hindi na kuangukia magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Tarakimu zote ni za kweli. Utaratibu wake tu ndio uliopinduka.

Kosa la namna hiyo huchekesha kwa sababu laonekana mara moja. Liko lingine lisiloonekana, nalo ni hatari zaidi. Kila ramani husimama juu ya umbo la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana. Ramani za kupima ardhi za Kenya, Uganda na Tanzania zilisimamishwa kwa muda mrefu juu ya msingi uitwao Arc 1960, uliotokana na upimaji mkubwa wa kufuata longitudo ya 30 mashariki, kazi iliyopendekezwa na David Gill katika karne ya 19 na kukamilishwa mwaka 1954. Vifaa vya GPS na matufe ya kompyuta husimama juu ya msingi mwingine, WGS 84. Namba zilezile za latitudo na longitudo zikisomwa kwa msingi mmoja badala ya mwingine, mahali husogea kiasi cha mita 300, hasa upande wa kaskazini au kusini. Katika ramani ya bara zima mita 300 si kitu. Katika shamba la mkulima ni shamba la jirani. Kisima kitaandikwa penye makaburi, na mpaka uliorithiwa kwa babu utaonekana kuwa umevamiwa. Sasa, taarifa ya kuwa faili imesimama juu ya msingi upi huandikwa, kwa mfuatano wa shapefile, katika faili ndogo ya pembeni ambayo watumaji wengi huisahau. Faili hiyo ina mstari mmoja tu wa maandishi. Lakini ikipotea, ugomvi wa ardhi waweza kuanza mahali ambapo haukuwako.

Hivyo basi jicho lilikuwako, tufe lilikuwako, na vyombo vilikuwako. Lakini jicho la angani lina mpaka wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Setilaiti huona paa, wala haijui kama chini yake ni shule au duka, kama bomba lile hutoa maji au limekauka, wala kona ile wakazi huiitaje. Mwaka 2009 mtu aliyetazama Kibera katika Nairobi kwa tufe la kompyuta aliona mabati yaliyobanana kutoka ukingo hadi ukingo. Akifungua ramani za kawaida za intaneti aliona karibu patupu. Makazi ya maelfu kwa maelfu ya watu yalionekana na jicho, ila hayakuwamo katika daftari.

Kulikuwa na njia mbili za kuujaza utupu wa namna hiyo, na hapa tofauti ya chombo ilidhihirika. Njia moja ilikuwa Map Maker ya Google, iliyofunguliwa mwaka 2008. Wananchi wa nchi nyingi zisizo na ramani za intaneti walikaribishwa kuchora barabara na majina ya miji yao, nao wakachora kwa bidii. Ramani iliyopatikana iliwafaa watumiaji wengi, walakini haki ya kuamua matumizi ya data ilibaki kwa kampuni, na mwaka 2017 kampuni ikalifunga jengo hilo. Njia ya pili ilikuwa OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, wakati ambapo data za ramani za serikali ya nchi hiyo zilikuwa ghali na zenye masharti mengi. Humo kila achoraye huweka kazi yake katika hazina moja, na yeyote aweza kuichukua hazina yote, kuitia katika programu aitakayo, na kuichapa, maadamu ataje ilikotoka na kuheshimu masharti ya kuishiriki. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, wachoraji wa kujitolea kutoka nchi nyingi walizichora njia za Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na kwa siku chache waokoaji wakawa wamezitia ramani hizo katika vifaa vyao vya GPS. Lau muundo ungalifungwa, barua za kuomba ruhusa zingalitangulia machela.

Ni njia hii ya pili iliyofuatwa Kibera. Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana 13 wa mahali pale walifundishwa kutumia vifaa vya GPS katika kazi iliyoitwa Map Kibera. Waliyaandika yale ambayo jicho la angani halikuyajua: mabomba ya maji, vyoo vya watu wote, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Nchi ambayo swali la misitu yake lilishindwa kwa gharama mwaka 1960 ilikuwa sasa na vijana waliochora mitaa yao wenyewe kwa vifaa vya mkononi.

Mwaka 2011 kazi ya namna hiyo ilifanyika Tandale katika Dar es Salaam, wakishirikiana wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi. Mwezi wa Desemba mwaka uleule mvua kubwa iliupiga mji. Mito ilifurika, mitaa ya mabondeni ikafunikwa, watu wapatao 40 wakafa na maelfu wakakosa makazi. Hapo swali la ramani liliacha kuwa la wasomi. Aliyetaka kujua maji yatapita wapi alihitaji kujua mifereji iko wapi, upana wake na kina chake. Na mifereji mingi haikuandikwa popote.

Mwaka 2015 ikaanza kazi iliyoitwa Ramani Huria, kwa ushirikiano wa taasisi za Tanzania, Benki ya Dunia, na shirika la wachoraji wa OpenStreetMap. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi walitembea katika kata zilizokuwa hatarini pamoja na wenyeji, wakipima mifereji na kuandika imejengwa kwa kitu gani. Wenyeji waliulizwa maji yalifika wapi siku za mafuriko. Katika awamu zilizofuata mipaka ya mashina nayo ilichorwa kwa kuwauliza wajumbe, kwani mjumbe wa shina ndiye ajuaye nyumba yake ya mwisho ni ipi na ya mwenzake yaanzia wapi. Elimu hiyo ilikuwa vichwani mwa watu, na mjumbe akifariki huondoka nayo. Vipimo vilipokwisha kuingizwa katika hazina iliyo wazi, viliweza kufunguliwa kwa QGIS, programu isiyouzwa, na kulinganishwa na mafuriko kwa nyingine iitwayo InaSAFE, ili ihesabiwe ni nyumba ngapi na shule zipi zitakazofikiwa na maji. Huko ndiko kupanga karatasi angavu juu ya meza yenye taa, kazi ileile ya mwaka 1960. Tofauti ni kwamba sasa aliyezipanga ni mwanafunzi, na nchi aliyoipima ni yake.

Yapo mapingamizi, na haki haitatendeka yakinyamaziwa. La kwanza ni kuwa ramani iliyo wazi kwa rafiki iko wazi kwa adui pia. Mtu anayetaka kuwaondosha maskini katika ardhi yenye thamani aweza kuifungua kama aifunguavyo muuguzi. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake si kusema kwamba kila kitu kichorwe. Yako mambo ambayo wakazi wana haki ya kuyasitiri, na mchoraji mwema huwauliza kwanza. Lakini kusitiri kwa hiari ni mbali na kufutwa bila kuulizwa. Wala utupu wa ramani haukuwahi kuwa ngao: walioondoshwa zamani waliondoshwa kwa urahisi zaidi kwa kuwa katika karatasi za serikali hawakuwako.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Ramani huzeeka. Mfereji uliopimwa mwaka 2015 yamkini umejaa takataka, duka limekuwa gereji, na jina la kona limebadilika. Kazi nyingi za namna hii husimama kwa fedha za wafadhili, na fedha zikikoma miguu nayo husimama. Ni kweli kabisa, na uwazi wa muundo hautembei mitaani badala ya watu. Ila huwawezesha wajao waanzie pale walipoishia wa kwanza. Kanda za Kanada zilikuwa na thamani kubwa kuliko vipimo vya mifereji ya Tandale, na bado ilihitajika kazi ya miaka kuzifungua. Vipimo vya Tandale, kwa sababu ya chombo chake, vyaweza kufunguliwa na kusahihishwa na mwanafunzi ambaye hakuwa amezaliwa vilipoandikwa.

Kutokana na haya wajibu wa vyuo vya Afrika ya Mashariki waonekana. Kununua mitambo si sehemu yake kubwa, maana mitambo huzeeka kwanza. Wajibu huo ni wa mkutubi zaidi kuliko wa fundi: kuhifadhi nakala za ramani zilizochorwa katika miji na vijiji, mahali zaidi ya pamoja, kuandika pamoja na kila faili msingi iliosimama juu yake, mwaka iliopimwa, na maana ya kila safu yake, kwa Kiswahili ambacho mjumbe na mwanafunzi watakielewa, na kuyakusanya majina ya mahali kama wenyeji wanavyoyatamka, kabla hayajakatwa yakaenea katika herufi 10. Kazi hiyo haina picha za kupendeza za tufe lizungukalo, na atakayeifanya huenda asitajwe. Atakayemshukuru ni mtu wa miaka 50 ijayo, atakayetaka kujua mto ulipita wapi kabla ya kuhamishwa, na nani walikaa kando yake.